Kikopo cha Bi Somoe

Katika mtaa mmoja wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mtu akiteguka mguu hasemi anakwenda hospitali. Husema anakwenda kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mkandaji. Mikono yake ilikuwa mifupi na minene, na ilinukia mafuta ya nazi kutwa nzima. Alikanda wavuvi walioumia migongo kwa kuvuta nyavu. Alikanda vijana wanaobeba mizigo kule Afungi, kwenye mradi wa gesi. Alimkanda hata jogoo wa jirani yake, Haula, siku alipopigana na bata akaumia bawa. Jogoo yule alipona, na tangu hapo Bi Somoe hakuacha kumtaja.

"Nimekanda kuku akapona," alikuwa akisema. "Sembuse mtu?"

Nyumbani kwake aliishi na mjukuu wake, Tarique, mtoto wa miaka mitatu. Mama yake Tarique, aliyeitwa Nuria, alikuwa mpishi katika kambi ya Afungi. Hukaa huko wiki kadhaa akipika, kisha hurudi nyumbani kupumzika. Kwa hiyo mtoto alikuwa mikononi mwa bibi. Na Tarique hakuwa mtoto wa kutulia. Alikuwa akimkimbiza yule jogoo tangu asubuhi, mpaka jogoo mwenyewe akaanza kulala juu ya paa.

Basi Jumatatu moja Tarique aliamka, akataka kushuka kitandani, akaanguka. Alijaribu tena, akaanguka tena. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelegea. Bibi yake aliuinua, akauachia. Ukaanguka kama kitambaa kilicholowa maji.

Bi Somoe aliogopa sana. Alijua kwamba mtoto alikuwa na homa kidogo siku mbili zilizopita. Alijua pia kwamba hakuanguka popote, wala hakugongwa na kitu. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hospitali. Wazo la pili likamjia mbio na kulisukuma lile la kwanza likae pembeni.

"Mimi?" alijiuliza. "Mkandaji mzima nimbebe mjukuu wangu kumpeleka hospitali kwa ajili ya mguu? Na nipite barabara gani nisionekane?"

Akachukua chupa ya mafuta.

Alimkanda Tarique asubuhi na jioni. Mtoto alilia, akamng'ata bibi yake mkononi, lakini mguu haukupata nguvu. Wiki ikapita. Nuria alipopiga simu kutoka kambini kutaka kuongea na mwanawe, Bi Somoe alimjibu kwamba Tarique amelala. Alipopiga mchana, amelala. Alipopiga asubuhi, amelala.

"Mama, huyo ni mtoto au ni popo?" aliuliza Nuria.

"Anakua," alijibu Bi Somoe, akakata simu.

Mafuta yaliposhindwa, alikumbuka mchanga. Pale pwani mtoto akichelewa kutembea, wazee humfukia mchangani mpaka kiunoni ili miguu ikomae. Bi Somoe mwenyewe alifukiwa utotoni, na miguu yake haikuwa na kasoro. Basi alichota mchanga ufukweni, akauanika juani ukapata joto, akachimba shimo nyuma ya jiko. Akamtia Tarique ndani yake na kumpa kipande cha muwa ili asipige kelele.

Siku hiyo hiyo akaja Josefina.

Josefina alikuwa jirani yao. Kwao ni Diaca, lakini vita vilimtoa huko pamoja na wanawe, akahamia Palma. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za wagonjwa, hasa watoto, kisha kupeleka habari hizo hospitali. Siku hiyo hakuja kikazi. Alikuja kukandwa shingo.

"Hodi, mama Somoe."

"Karibu, mwanangu. Shingo tena?"

"Shingo tena."

Josefina alikaa kwenye mkeka. Alipogeuza shingo yake hiyo mbovu ili ikandwe, aliona kichwa cha mtoto nyuma ya jiko, kikitafuna muwa.

"Mama, yule si Tarique?"

"Ndiye."

"Mbona namwona nusu?"

"Nusu nyingine iko mchangani."

Josefina aliinuka, shingo akaisahau. "Umempanda kama mhogo?"

"Anakomaza mguu," alisema Bi Somoe. "Sisi sote tulifanyiwa hivyo tulipochelewa kutembea."

"Tarique hakuchelewa kutembea, mama. Mwezi uliopita alikanyaga mayai yangu akimkimbiza jogoo."

Akamchomoa mtoto mchangani, akamkung'uta, akamlaza mkekani. Akauinua mguu wa kulia na kuuachia. Hapo Josefina aliacha kutania.

"Ulianza lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Alianguka?"

"Hapana. Aliamka tu hivyo."

"Alikuwa na homa?"

"Kidogo."

"Mama Somoe, nisikilize," alisema Josefina. "Mtoto akilegea mguu au mkono ghafla, na hakuanguka wala hakuumia, hatumkandi. Hatumfukii. Hatumchomi sindano za mtaani. Tunatoa ripoti siku hiyo hiyo."

"Ripoti? Kwani kaiba?"

"Hajaiba. Lakini inaweza kuwa polio. Inaweza pia kuwa ugonjwa mwingine. Kwa kutazama tu hatujui. Mimi sijui, wewe hujui, na hata daktari hajui mpaka mtoto apimwe. Alipata matone yote ya chanjo?"

Bi Somoe alitazama chini. "Alizaliwa tukiwa ugenini, tumekimbia. Mengine alipata. Mengine yalimpita."

"Bom, haya. Vaa viatu, twende."

Bi Somoe alijitanda kanga mbili ili asijulikane. Haikusaidia kitu. Kila waliyempita aliuliza, "Bi Somoe, unakwenda kumkanda nani hospitali?"

Hospitali walipokelewa na muuguzi mmoja kijana, jina lake Amisse. Alikuwa mwembamba, na sharubu zake alizitunza vizuri kuliko alivyojitunza mwenyewe. Alimpima Tarique miguu yote miwili. Alimgonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Kisha akasema, "Umefanya vizuri kumleta, bibi, ingawa umechelewa. Mguu usiukande kwa nguvu. Nitakuonyesha namna ya kuunyoosha polepole. Sasa tunataka choo cha mtoto."

Akaendelea kueleza. Alisema kinatakiwa choo cha mara mbili, na kati ya cha kwanza na cha pili ipite siku nzima. Alisema kinatakiwa kabla ya wiki mbili kupita tangu mguu ulegee, kwa sababu baada ya hapo ni vigumu kuona kitu. Alisema kikae kwenye sanduku la barafu, kisipate joto. Alieleza vizuri sana. Tatizo ni kwamba Bi Somoe aliacha kusikiliza pale aliposikia neno "choo."

Tangu utoto wake alifundishwa kwamba vitu vya mtoto havitupwi ovyo. Kucha, nywele, meno ya utotoni na choo, vyote hufukiwa. Mtu mbaya akivipata anaweza kumroga mtoto. Tangu Tarique azaliwe, Bi Somoe alifukia choo chake mahali anapopajua yeye na Mungu wake. Na sasa kijana mwenye sharubu anataka apewe kwenye kikopo! Tena anachukua kalamu na kuandika kwenye kikopo jina la mtoto, na jina la mama yake, na jina la mtaa.

"Mchawi mwenyewe angeona haya kuomba vitu vyote hivyo kwa pamoja," aliwaza Bi Somoe.

Lakini alikuwa ameshaogopa, na Josefina alikuwa amemsimamia. Akapokea kikopo. Akapokea glavu, kijiko cha plastiki na kisanduku cha barafu. Akarudi nyumbani.

Jioni ile alipika huku akiwaza. Akikataa, Josefina hatatoka mlangoni pake. Akikubali, mjukuu yuko hatarini. Alifikiria kuchukua choo cha mjukuu mmoja wa Haula, maana Haula alikuwa na wajukuu wengi. Wazo hilo hakukaa nalo. Hakuwa mtu wa kumtupia mtoto wa mwenzake balaa. Alimfikiria mbuzi, lakini mbuzi angegundulika mara moja.

Akageuza ugali, akasimama na mwiko mkononi.

"Mimi," alisema kwa sauti. "Nimezaa, nimezika, ngoma zote nimecheza. Kama ni kuroga, waniroge mimi."

Asubuhi Amisse alipokuja kuchukua kikopo, alikitazama kwa mshangao kidogo.

"Mtoto anakula vizuri," alisema.

"Hamu anayo," alijibu Bi Somoe, akajifanya anafagia.

Kesho yake alitoa kikopo cha pili kwa njia ile ile, akaambiwa vyote viwili vitapelekwa kwa gari Pemba, mji mkuu wa jimbo lao. Moyo wake ukatulia. Tarique amesalimika, hospitali imepata choo, kila mtu ameridhika. Yeye mwenyewe alijichunguza mara mbili tatu kama ameanza kuumwa mahali, akaona ni mzima.

Saa chache baadaye alikaa uani na Josefina pamoja na Haula. Haula alikuwa mama mfanyabiashara, wazazi wake walitoka Mtwara, na yeye huvuka Ruvuma kwenda kununua kanga na kurudi kuziuza Palma. Alikuja na wajukuu wake wawili wadogo, ambao walikaa chini kuchezea udongo. Haula alikuwa na swali.

"Josefina, mdogo wangu, nieleze. Mguu umelegea, wanachukua choo. Mguu na choo, wapi na wapi?"

"Dada Haula, kirusi cha polio huingia kwa mdomo," alisema Josefina. "Mikono michafu, maji machafu, chakula kisichofunikwa. Kikiingia hukaa tumboni, kisha hutoka na choo. Kwa hiyo ukitaka kukikamata, unakitafuta kwenye choo."

"Na hao watoto wengine ambao hawajalegea?"

"Hapo ndipo penye kazi. Watoto wengi wakikipata hawaonyeshi kitu. Wanacheza, wanakula, na wanakisambaza. Mmoja tu kati ya wengi ndiye anayelegea mguu. Kwa hiyo kikopo kile cha Tarique si cha Tarique peke yake, ni cha mtaa mzima. Wakikiona kirusi, watakuja na matone nyumba kwa nyumba. Wataarifu mpaka wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, kwa sababu ugonjwa hauulizi mpaka. Wasipokiona, wataandika kwamba hakuna."

"Na wakiandika hakuna?"

"Basi, hakuna. Kila mtu anarudi kwake."

Haula akacheka. "Alhamdulillahi. Maana wangu hawa, huko nyuma tulikuwa tunahamahama, sijui hata walipata nini na walikosa nini."

Bi Somoe alikuwa akichambua mchele. Mikono yake ilisimama. Alimtazama mjukuu mdogo wa Haula. Mtoto alichimba udongo kwa kidole gumba, akakitazama, kisha akakitia mdomoni na kukinyonya kwa raha. Aliona watoto wote wa mtaa, mmoja mmoja, na vidole vyao mdomoni. Wote walikuwa wanategemea kikopo ambacho ndani yake kulikuwa na ugali na mboga ya mtu mzima.

"Josefina," alisema. "Gari la kwenda Pemba linaondoka lini?"

"Sasa hivi, mama. Amisse anafunga sanduku. Kutoka Pemba linakwenda maabara mbali ha—"

Bi Somoe hakungoja mwisho. Aliinuka, ungo ukaruka huku, mchele ukamwagika kule. Akatoka mbio, hakuna cha salamu wala cha viatu.

Ni lazima nieleze jambo moja kuhusu Palma. Pale, baada ya yale tuliyoyaona waasi walipouvamia mji, watu wakimwona mtu anakimbia hawamuulizi kuna nini. Nao hukimbia, kisha huuliza huko mbele ya safari. Kinyozi alimwona Bi Somoe anapita, akatoka na wembe mkononi. Mteja wake akatoka na nusu ya ndevu. Wauza samaki wakafunika beseni, wakafuata. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakafuata. Mzee mmoja aliyekuja wiki ile ile kukandwa goti aliwapita wote.

Bi Somoe alifika hospitali na mtaa mzima nyuma yake. Gari lilikuwa limeshawashwa.

"Shusheni sanduku!" alipiga kelele.

"Waasi wameingia wapi?" aliuliza dereva, macho yamemtoka. "Upande gani?"

"Hakuna aliyeingia! Shusheni sanduku!"

Amisse alishuka garini. "Bibi, mbona unatutisha? Hiki ni choo cha mtoto, kinakwenda Pemba."

"Si cha mtoto."

"Ni cha nani?"

Bi Somoe aligeuka. Watu walikuwa wamesimama wanahema. Hakuna mgongo hata mmoja pale ambao hakuwahi kuukanda. Alitamani ardhi ipasuke. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akapiga moyo konde.

"Changu," alisema.

Amisse alilitazama sanduku, akamtazama bibi.

"Vikopo vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule wa nusu ndevu. Baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia mwenzake. Wauza samaki walishikana wasianguke. Mvuvi mmoja alikaa chini kabisa, anapiga mchanga kwa kiganja. Dereva alizima gari kwa sababu machozi yalimzuia kuona njia. Amisse peke yake alijitahidi, lakini sharubu zilimsaliti.

Josefina alifika akihema. Yeye hakucheka.

"Siku mbili, mama!" alisema. "Umetupotezea siku mbili! Na wiki ya pili inakwisha keshokutwa! Kwa nini?"

"Niliogopa," alisema Bi Somoe, na sauti yake ikakatika. "Mmeandika jina lake na jina la mama yake. Nikasema choo cha mtoto kikiingia mikononi mwa watu, watamroga. Basi nikasema kama ni kurogwa, nirogwe mimi. Mimi ni mzee."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Yule mvuvi aliinuka na kujifuta mchanga. Haula alikuja akasimama karibu na rafiki yake, akamshika bega.

Amisse alivua kofia. "Bibi, ungenyamaza hakuna ambaye angejua," alisema. "Mimi mwenyewe nisingejua. Tungeandika kwamba Tarique hana polio, tukalala usingizi. Jina tunaliandika ili jibu lisipotee njia, liwafikie wenyewe. Lakini hofu yako nimeisikia. Tufanye hivi. Kikopo utakifunga wewe. Sanduku utalifunga wewe. Utasimama hapa mpaka uone gari linaondoka. Unaniamini?"

"Nafunga mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mkono wako."

"Basi nipe vikopo vingine," alisema Bi Somoe. "Na hivyo vyangu nirudishieni."

Sasa likaja jambo jingine. Tarique alikuwa hajakwenda chooni kwa siku kadhaa. Bibi yake alikuwa amemlisha uji wa mhogo na miwa tu, akidhani anampa nguvu, na tumbo likafunga. Muda ulikuwa unakwisha, na mtoto amekaa tu juu ya kopo lake, anaimba.

Kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa unajua, mtaa mzima ukashughulika. Haula alileta maji ya ukwaju. Muuza samaki alileta papai. Kinyozi alileta papai jingine. Wavuvi wakienda baharini walipita kuuliza, "Bado?" Wakirudi walipita tena, "Bado?" Hata imamu alituma mtu kuuliza kwa heshima. Tarique alianza kuipenda hali hiyo. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Sitaki," na kila aliyejibiwa hivyo alimpa kipande kingine cha papai.

Kesho yake adhuhuri, simu ya Bi Somoe ililia. Ilikuwa ni Nuria.

"Mama, usiniambie amelala."

"Hajalala."

"Basi yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya jiko. Anajisaidia."

Wakati ule ule vigelegele vililipuka nyuma ya jiko. Watu walipiga makofi. Haula alikuwa anaimba.

"Mama," alisema Nuria polepole, "mwanangu anajisaidia, na watu wanashangilia?"

Bi Somoe alikaa kwenye kizingiti. Alimweleza bintiye kila kitu, mguu, mafuta, mchanga, kikopo. Hakuficha hata kimoja. Nuria alilia. Kisha alikasirika, akasema maneno ambayo binti hamwambii mama yake, na mama yake akayapokea yote bila kujibu. Baadaye Nuria aliomba ruhusa kazini. Jua lilipokuwa linazama alikuwa ameshafika nyumbani, mwanawe mapajani.

Kikopo cha pili kilipatikana siku iliyofuata, siku ya mwisho kabisa. Papai lilikuwa limekwisha mtaani. Bi Somoe alivaa glavu, akasema bismillahi, akakifunga kikopo. Akakiweka katikati ya barafu na kulifunga sanduku kwa mkono wake. Alisimama barabarani mpaka gari likapotea kwenye vumbi. Kisha alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kama alivyofundishwa na Josefina.

Jibu halikuja haraka. Lakini Josefina na wenzake hawakukaa kulingoja. Walipita kila nyumba kutafuta mtoto mwingine aliyelegea, na hawakumwona. Waliokosa chanjo waliwapata wengi, wakiwemo wajukuu wa Haula, nao wakapewa matone. Tarique alikuwa akinyooshwa mguu kila siku kama alivyoonyesha Amisse. Sasa ni Nuria au Bi Somoe, na mkono ni mwepesi, hakuna kulia. Mguu ukaanza kujibu. Kwanza kilicheza kidole gumba. Kisha goti. Siku moja jogoo wa Haula alionekana tena juu ya paa, na watu wakajua mtoto anaendelea vizuri, ingawa alikuwa bado anachechemea.

Ndipo Amisse na Josefina walipokuja na jibu.

"Hakuna polio," alisema Amisse. "Mguu ulilegezwa na ugonjwa mwingine. Tutaendelea kumwangalia mpaka atembee sawasawa."

Haula alipiga kigelegele. Nuria alimkumbatia mwanawe. Bi Somoe peke yake alikunja uso.

"Hakuna," alisema. "Na vikopo vyangu vingekwenda, jibu lingekuwa nini?"

"Lingekuwa hakuna."

"Neno lile lile?"

"Lile lile, bibi."

"Basi mimi nilikimbia peku, nikachek­wa na Palma nzima, kwa sababu ya neno lile lile?"

Josefina alimsogelea. "Mama, kama Tarique angekuwa nayo, wewe ungetuambia hakuna, nasi tungekuamini. Leo tukisema hakuna, tunaweza kulala."

Bi Somoe alimtazama mjukuu mdogo wa Haula, ambaye alikuwa na kidole mdomoni kama kawaida yake.

"Mwoshe mtoto mikono, Haula," alisema. "Nimechoka kumwangalia."

Mwezi uliofuata, asubuhi moja, mwanamke kijana alifika mlangoni. Alitoka kijiji kimoja cha ghuba ya Tungue, amembeba mtoto wa kike mgongoni. Bi Somoe alikuwa anamkanda mvuvi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ana nini?"

"Mkono. Jana aliamka, hauinuki. Nimeambiwa wewe umekanda mpaka kuku."

Bi Somoe aliiweka chini chupa ya mafuta, akaifunga. Akajifuta mikono.

"Alianguka?"

"Hapana."

"Homa?"

"Juzi usiku."

"Matone alipata?"

Mwanamke alisita. "Sina hakika."

Bi Somoe alichukua simu, akampigia Josefina. Akamweleza yote kwa kifupi. Sauti ya Josefina ilisikika mpaka mkekani: "Tangu jana tu? Mama Somoe, hii ni siku ya pili! Tuna nafasi tele!"

Siku ya pili. Bi Somoe alisimama akiishika simu. Wa kwake alimkalisha zaidi ya wiki nzima, kwenye mafuta na mchanga, kwa ajili ya sifa yake ya ukandaji. Machozi yalimjia, na hakuyaficha.

"Tunakwenda hospitali," alimwambia yule mwanamke. "Watataka choo cha mtoto."

Mwanamke akarudi nyuma hatua moja. "Bibi yangu nyumbani amesema choo cha mtoto hakitolewi kwa watu."

"Nami nilisema hivyo hivyo. Kikopo utakifunga wewe mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni yako. Lete mtoto, nikupokee, umetoka mbali."

Akambeba yule mtoto, akauweka ule mkono mdogo vizuri usining'inie, wakatoka wote wawili kwenda zao. Mvuvi alibaki amelala kifudifudi, nusu ya mgongo ina mafuta, anauliza nusu nyingine atamaliziwa na nani.